Waliowaza Baba Yuko Hai

Juzi umeme ulikatika, nikatoa pasi ya makaa chini ya kitanda ili ninyooshe sketi ya shule ya mtoto wa kaka yangu. Kitambaa kilikuwa na unyevu bado. Nilipoigusisha tu pasi, ile harufu ikapanda: jivu, pamba yenye maji, na kitu kama mkate unaokaribia kuungua. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi mkekani na kazi yake ya Kiingereza.

“Shangazi,” akasema, “hili neno la Waingereza la kuwaza mbona lina maana nyingi hivi? Mwalimu anasema ni kudhani, tena ni kukumbuka, tena ni kupanga jambo, tena ni kumuona mtu mzuri au mbaya. Sasa ya kweli ni gani?”

Nikacheka. Mimi ni mtu wa kucheka, hata msibani watu hunionea aibu. Nikamwambia aandike zote, zote ni za kweli. Lakini pasi ilibaki hewani mkononi mwangu mpaka akaniambia, “Shangazi, makaa yanamwagika.” Harufu ile na swali lile nilishawahi kuvipata pamoja siku moja, katika uwanja wa nyumba ya baba yangu hapa hapa Kamembe, nikiwa mdogo kuliko yeye.

Wenzangu wa rika langu mnaijua hali ya siku zile. Vita vya kwetu vilikuwa vimekwisha, lakini kwisha kwake kulikuwa kwa ajabu. Nyumba ya jirani ilikuwa wazi, mlango umeng'olewa, mbuzi wanalala sebuleni. Darasani tulikaa wachache kwenye benchi refu. Na kulikuwa na adabu moja ambayo hakuna mtu aliyetufundisha ila sote tuliishika: hukumuuliza mwenzako baba yako yuko wapi. Uliuliza habari za shule, habari za mvua, habari za mbuzi. Ukiona mtoto amekuja kuishi na shangazi yake, ulimpa nafasi kwenye kamba ya kuruka, basi.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa karakana, kimeelekea barabara inayoteremka mpakani. Alishona sare za shule, buluu kwa wasichana na kaki kwa wavulana, na mimi nilidhani watoto wote wa Rwanda huvalishwa na baba yangu. Asubuhi moja vifungo viliisha. Akamwambia Mama anavuka mara moja Bukavu, upande wa Kongo, atarudi kabla ya alasiri. Akaniuliza nataka nini. Nikasema biskuti. Alasiri ikaja na milio ya bunduki kutoka ng'ambo. Kwanza mmoja mmoja, kama mtu anayepigilia misumari kwenye bati, kisha yote kwa pamoja. Mpaka ukafungwa. Watu wa mtaa wetu walisimama kwenye mteremko wakiangalia moshi juu ya Bukavu, mikono imefungwa kifuani. Walishaona moshi wa namna hiyo upande huu.

Baba hakurudi siku ile, wala wiki ile. Watu wa ng'ambo walikimbilia milimani na misituni, maelfu kwa maelfu, na mwenye kwenda dukani akakokotwa pamoja nao. Ndivyo tulivyoambiwa. Mama akakaa kwenye kiti cha Baba, akaweka miguu kwenye kanyagio la cherehani, akaendeleza sare pale pale Baba alipoziachia. Hakuwa fundi mzuri. Mikono ya mashati ilitoka mmoja mrefu mmoja mfupi, lakini nani angelalamika? Wateja walipokea na kusema asante.

Nyumbani tulikuwa na Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, mama wa Baba. Huyu ndiye aliyeanza na lile neno.

“Mie nawaza mwanangu hayuko tena,” alisema siku moja akichambua maharagwe, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Cherehani ikasimama. “Mie nawaza yuko,” Mama akajibu. Cherehani ikaendelea.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Koko anawaza hayuko, Mama anawaza yuko. Yalikuwa maneno yale yale asubuhi na jioni, lakini kila siku yalikuwa na uzito wake. Siku nyingine Koko alisema “nawaza” kama mtu anayebahatisha, siku nyingine kama mtu aliyeota, siku nyingine alisema tu “namuwaza,” bila kuendelea, na hapo Mama alinyamaza naye, maana hilo walikuwa wanakubaliana.

Jambo lenyewe lilikuwa eda. Kwetu Waislamu, mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, haweki hina wala wanja, hajitii manukato. Koko alitaka Mama akae eda, mwanawe asomewe hitma, ajulikane kuwa ni maiti mwenye dua kama maiti wengine.

“Kaa chini, Mama Idi,” alimwambia. Idi ni kaka yangu. “Kaa kama wanawake wenzako. Mutoto wangu asomewe.”

“Eda ya nani, Koko? Maiti iko wapi?”

“Bangapi hapa Kamembe bamekaa eda bila maiti?”

“Hao banajua. Mimi sijui. Nikikaa, nitakuwa nimemzika mie mwenyewe, na hii mikono yangu.”

“Mimi nilimuzaa.”

“Na mie namngojea.”

Wakamwita Mwalimu wetu wa madrasa awaamue. Alikuja baada ya swala ya adhuhuri, akakaa kwenye benchi la wateja, akanywa chai bila kuimaliza. Mimi nilikuwa chini ya meza ya kukatia, kwenye vipande vya vitambaa, makao yangu ya kila siku. Mwalimu alisema mambo mengi ya kitabu ambayo sikuyashika, lakini hili nililishika: aliyepotea hafi kwa sababu mtu mmoja anawaza amekufa. Apatikane aliyeona. La sivyo tusubiri, na watu wamkumbuke kwa dua.

Mtoto hukata maneno ya wakubwa kama mkasi, akabeba kipande anachokitaka. Mimi nilibeba hiki: mtu mmoja akiwaza hatoshi. Kwa hiyo wawili je? Mtaa mzima je? Tena nilikuwa na ushahidi wangu. Mama mmoja wa nyuma ya msikiti alikuwa amefariki bila homa wala kukohoa, na watu wote walisema mawazo ndiyo yaliyomuua. Basi, kama mawazo yanaua, yanaweza pia kumshikilia mtu asife. Baba alikuwa katikati, Koko anamvuta huku, Mama anamvuta kule, wako sawasawa. Nilichotakiwa kufanya ni kumletea Mama watu.

Nikaanza na Idi, maana alikuwa karibu.

“Weye unawaza Baba yuko?”

“Toka hapa.”

“Sema tu ‘ndiyo’.”

“Ndiyo. Haya toka.”

Nikamhesabu. Kisha nikaenda kwa Mzee Hamisi, muuza nyama, aliyekuwa anafukuza nzi kwa mkia wa ng'ombe. Nikamuuliza, “Mzee, unawaza baba yangu yuko hai?” Mkia ukasimama hewani. Kama nilivyosema, siku zile watu hawakuulizana. Na yeye, nilikuja kujua nikiwa mkubwa, alikuwa na watoto wanne kabla ya vita, na siku hiyo alikuwa hana hata mmoja.

“Mie?” akasema. “Mie nawaza bei ya ng'ombe, mama.” Kisha akanitazama, akaona sijaondoka. “Yuko. Andika nawaza yuko.” Akanikatia kipande cha mafuta, akakifunga kwenye jani la mgomba, akasema, “Pelekea mama yako. Na usiende kuuliza kila muntu hilo neno. Unasikia? Bantu bengine bataanguka.”

Nilisikia, lakini nilikwenda. Mwanamke aliyeuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, alinijibu kwa kucheka kisha akageuka ukutani. Mshona viatu aliniambia, “Kuwaza ni kazi ya mwenye kushiba.” Huyo sikumhesabu popote. Watoto wa madrasa niliwapata wote kwa mkupuo mmoja, maana niliwaahidi zamu kwenye kamba. Jioni nilimwambia Mama, “Mama, watu wanawaza yuko! Wengi!” Akanitazama na uzi mdomoni. Nadhani hakuelewa. Alinipangusa pua.

Nyumbani alibaki mtu mmoja ambaye sikuwa nimemuuliza, na nilimwacha wa mwisho kwa makusudi kama mtu anavyobakiza nyama pembeni ya sahani. Alikuwa Maman Furaha.

Maman Furaha alikuwa Mkristo wa Bukavu, mfanyabiashara wa vitambaa. Kwake ndiko Baba alikonunua kaki na vifungo miaka yote. Majuma machache baada ya mpaka kufungwa, alitokea mlangoni kwetu bila viatu, miguu imevimba, kichwani hana kitu. Duka lilikuwa limekwisha, na upande huu hakujua nyumba nyingine. Mama, hata maji hakumpa kwanza. Alimshika mabega akamuuliza, “Umemuona Papa Idi?” Naye akajibu, “Sijamuona, Maman.” Ndipo akapewa maji.

Akakaa kwetu chumba cha nyuma. Wengine walinong'ona juu ya Mkristo kulala nyumba ya Kiislamu, lakini Koko aliwaambia wamlishe wao kama wana chakula. Maman Furaha alikuwa mkimya, na kazi aliyoishika ni kupiga pasi. Kila alasiri alikaa uwanjani kwenye kigoda, anapuliza makaa, anazinyoosha sare zetu mpaka ile mikono mirefu na mifupi ilionekana sawa. Kila asubuhi Mama alimuuliza tena jambo jipya kuhusu ng'ambo. Njia ya kwenda Walungu, kule milimani, inapita wapi? Msitu una matunda? Mtu anaweza kulala kanisani, hata Mwislamu? Na yeye alijibu kila kitu, taratibu, akiangalia pasi.

Basi alasiri hiyo nikachuchumaa mbele yake. Nilikuwa na furaha kwelikweli, nakumbuka, furaha ya mtu anayekaribia kushinda.

“Maman Furaha, weye unawaza Baba yuko?”

Akapuliza makaa.

“Sema tu. Bote banasema yuko. Hata Mzee Hamisi. Ni Koko peke yake ndiye anakataa.”

“Kwa nini unauliza hivyo, mama?”

“Mwalimu alisema mtu mmoja akiwaza haitoshi. Nikipata wengi atarudi. Weye ndiye wa mwisho. Unawaza nini?”

Pasi ilikuwa imetulia juu ya sketi. Harufu ikaanza kubadilika, nikaona moshi mwembamba ukitoka pembeni, na yeye haoni.

“Mimi siwazi, mutoto wangu,” akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anajiambia mwenyewe. “Bantu bote banaweza kuwaza. Mimi sina tena ya kuwaza. Mimi najua.”

Anajua! Nani alikuwa ameniambia hivyo mtaa mzima? Wengine wote walikuwa wanawaza, na huyu anajua! Moyo wangu uliruka kama mtoto wa mbuzi. Nilikimbia nikaingia karakana, nikajigonga kwenye meza, nikapiga kelele, “Mama! Maman Furaha hawazi! Anajua! Mama, anajua!”

Mama alikuwa anashona. Miguu yake ilisimama, lakini gurudumu la cherehani lilizunguka kidogo peke yake, kisha nalo likasimama. Koko alikuwa kwenye benchi na ungo wa mchele magotini. Nikawatazama wote wawili nikisubiri wafurahi.

Mama alinyanyuka. Alipita karibu yangu bila kunigusa, akatoka uwanjani. Nikamfuata. Maman Furaha alikuwa bado kigodani, ameiondoa pasi, na kwenye sketi pamebaki alama ya kahawia, umbo la pasi kamili.

“Furaha,” Mama akasema. Hakumwita Maman.

“Mama Idi.”

“Ulimuona.”

“Nilimuonaka.” Akaweka mikono juu ya ile sketi iliyoungua, kama anaificha. “Njia ya Walungu. Siku ya kwanza ya kukimbia. Utepe wa kupimia ulikuwa kwa shingo, ndio nilimujua nao. Sijui risasi ya nani. Bantu balikuwa banatusukuma nyuma, Mama Idi, haukuweza kusimama. Nilivua kitenge yangu, nikamufunika. Sikuweza zaidi ya ile.”

“Na hapa umekaa muda wote huu.”

“Siku nilifika uliniuliza mbele ya kunipa maji. Nikaona macho yako. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikasema kesho.” Sasa alikuwa analia, bila sauti, machozi yanapita tu. “Kila asubuyi unaniuliza njia. Nilikuwa najibu njia. Njia nilikuwa naijua.”

Nilisubiri Mama apige kelele. Niliogopa atamfukuza. Mama aliuliza swali ambalo wakati ule niliona halina maana yoyote.

“Uso wake ulielekea wapi?”

Maman Furaha hakuelewa. Mkristo, angeelewaje? Akamtazama Mama, akamtazama Koko aliyekuwa amefika mlangoni na ungo bado mikononi, akafikiri, akaonyesha kwa mkono. “Huku. Alikuwa anaangalia huku, upande wa ziwa.”

“Huko ndiko kibla,” Koko akasema.

Mpaka leo sijui kama Maman Furaha alisema kweli. Alikuwa anakimbia, anasukumwa, risasi zinalia, na akaona uso ulielekea wapi? Labda aliona. Labda alitusoma nyuso akatupa kile tulichohitaji, kama alivyofanya siku ya kwanza. Sikumuuliza kamwe, hata nilipokuwa mkubwa na yeye amerudi kwake Bukavu na duka lake jipya. Kuna kitu Mzee Hamisi alinifundisha kwa kipande cha mafuta, nacho nilikielewa kwa kuchelewa.

Kisha Koko akaanguka. Si kwamba alizimia. Alikaa chini mlangoni, mchele ukamwagika wote vumbini. Huyu ndiye aliyesema tangu mwanzo hayuko. Huyu ndiye aliyetaka eda, aliyemwita Mwalimu. Sasa alikuwa anamshika Mama pindo la nguo, analia kama mtoto aliyeonewa.

“Nilikuwa nawaza tu,” alisema. “Mama Idi, mie nilikuwa nawaza tu.”

Mama akakaa chini naye, hapo hapo kwenye mchele.

Mwalimu aliitwa jioni ile. Alimsikiliza Maman Furaha, akashusha pumzi, akasema sasa jambo liko wazi. Kisha kwa upole mwingi, akidhani anampunguzia mjane mzigo, akamwambia Mama kwamba kwa hukumu eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki. Kwa hiyo sehemu kubwa imeshapita. Zimebaki wiki chache tu.

“Hapana, Mwalimu,” Mama akasema.

“Ndivyo ilivyo sheria, binti yangu.”

“Nasikia. Lakini mpaka jana alikuwa hai nyumbani kwangu. Nilimpikia. Niliweka sahani yake. Nihesabie tokeya leo.”

Mwalimu alikuwa mtu wa kitabu. Aliangalia kile kiti cha cherehani kwa muda. “Mwenyewe akitaka kuzidisha,” akasema mwishowe, “ni yeye na Mola wake.”

Basi Mama alikaa eda yote, nzima. Maman Furaha ndiye aliyebeba sare kichwani kwenda soko la Kamembe na kurudi. Mkristo alimtumikia mjane wa Kiislamu, na wale walionong'ona mwanzoni hawakupata tena la kusema. Koko alimpikia mkwe wake. Hakusema tena “nawaza” mbele yetu. Akitaka kusema mvua itanyesha, alisema, “Mvua iko karibu.” Hata sisi tuliliacha lile neno, kila mtu kwa sababu yake, kama njia ambayo watu wameacha kuipita.

Siku za mwanzo sikumkaribia Mama. Hakuna aliyenilaumu, na wala sikujilaumu, maana kusema kweli nilikuwa bado sijaelewa. Niliona tu kwamba nimeleta habari njema na nyumba imelia. Nilirudi chini ya meza ya kukatia. Lakini juu yake hapakuwa na mtu anayekata, vipande vipya havikuanguka, na vile vya zamani vilianza kunuka vumbi.

Alasiri moja akaniita chumbani. Alikuwa amekaa mkekani kwa nguo yake isiyo na rangi, mikono haina bangili, na uso wake ulionekana umeoshwa kwa maji ya baridi. Akanivuta nikae kati ya miguu yake, akaanza kunisuka.

“Idi ananiambia ulizunguka mtaa wote kuuliza bantu,” akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali, akanivuta nywele nitulie.

“Bote uliwauliza wanawaza nini. Na weye? Nani alikuuliza weye?”

Nikafikiri. Hakuna.

“Haya, nakuuliza mie. Unawaza nini?”

Nilijua ni kosa kulisema. Nilijua eda ni nini, nilimsikia Maman Furaha kwa masikio yangu. Lakini aliuliza, na mimi sikuwahi kumdanganya.

“Nawaza anarudi,” nikasema.

Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu. Nilihisi pumzi yake kwenye shingo, ikienda na kurudi. Kisha akaendelea kusuka, taratibu, mpaka akamaliza ule msuko.

“Basi endelea weye,” akasema. “Mie nimechoka.”

Nikamwambia ndiyo, Mama, upesi upesi, kama vile amenituma chumvi.